Lualaba na Katanga: Historia Juu ya Magunia ya Unga

Mutshatsha iko magharibi ya Kolwezi, kwenye reli iliyokamilika mwaka 1931 kuelekea Dilolo na Angola. Hii ni nchi ya shaba na kobalti. Tangu 2015 inaitwa mkoa wa Lualaba. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Katanga, na Kiswahili chake kilikulia katika kambi za wafanyakazi wa migodi.

Anayetaka kuwajua watu wa huku aanze na picha walizotundika sebuleni miaka ya 1970. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, leo Lubumbashi, ambako akina Pilipili Mulongoy walichora ndege na samaki, na Wazungu wakanunua. Baada ya uhuru wanunuzi wakawa makarani na mafundi wa kampuni ya migodi ya Gécamines, nao walitaka mambo yao wenyewe. Wachoraji wa mitaani walitumia vitambaa vya magunia ya unga. Walichora mamba muntu, nguva mwenye kuleta utajiri, na ile iliyopendwa mno, Colonie Belge (Koloni la Ubelgiji): mfungwa amelala kifudifudi, askari mwenye tarbushi nyekundu anamchapa, Mzungu anatazama. Jina la picha liliandikwa papo hapo kwa herufi zilizokolea. Picha kama hiyo iliitwa ukumbusho, kwa sababu ilimfanya mwenye nyumba asimulie.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo mia moja za historia ya Kongo. Kitambaani aliandika Kifaransa, lugha ya shule na serikali. Kwa mdomo alieleza kwa Kiswahili, na maelezo yalifika mbali kuliko maandishi. Waziri Mkuu Lumumba aliyeuawa alimchora amelala chini, misalaba mitatu nyuma yake.

Tshibumba hakuwa peke yake kutumia brashi kama shahidi. Japani nako, mwalimu Inoue Yuichi alinusurika mabomu ya Tokyo ya Machi 1945. Mwaka 1978 aliandika kwa brashi na wino habari ya walioteketea shuleni kwake. Uzuri wa hati haukuwa tena shabaha. Kilichotakiwa ni ushahidi.

Huku Katanga, Mutshatsha ilitekwa na waasi Machi 1977, Kolwezi Mei 1978. Mishahara ya migodi ilipodhoofika, soko la picha likafa nayo. Tshibumba hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake za historia ziko Amsterdam, na inaniuma kwamba mtoto wa Kolwezi anahitaji viza ili azione.