Saa 48: Katiba na Mtu Aliyekamatwa Arua na Koboko

Katiba ya Uganda ya 1995, iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba mwaka huo, imeziweka haki za binadamu katika Sura ya Nne. Mlango wa sura hiyo ni Ibara ya 20: haki za msingi mtu huzaliwa nazo, hapewi na serikali. Ndiyo maana askari wa kituoni au mwenyekiti wa kijiji (LC1) hamfanyii mtu hisani anapomwachia haki yake. Analipa deni la kisheria.

Maswali ya wananchi kuhusu sura hiyo ni mengi, lakini kuanzia Ludara wilayani Koboko hadi mjini Arua lililo zito kuliko yote ni moja: ndugu akichukuliwa na askari, familia ina haki gani? Jibu limo katika Ibara ya 23. Anayekamatwa lazima aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini, na Kikakwa kinasemwa katika nchi zote tatu, kwa hiyo sharti hilo la lugha linahitajika kila siku. Mtu aliyesomewa kosa lake kwa Kiingereza asichokijua hajaambiwa kitu. Kiswahili chenyewe kilitambuliwa mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili ya taifa, ila kwa mzee asiyejua Kiswahili kipimo kinabaki kilekile: je, ameelewa?

Ibara hiyo inataka pia mtu awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Nyumba ya mtu binafsi si mahali hapo, wala ofisi ya kijiji. Akiomba, ndugu zake wajulishwe mapema iwezekanavyo. Wao, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumfikia. Na kama hajaachiwa, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, bila kupita saa 48 tangu alipokamatwa. Saa hizo hazianzi jina linapoandikwa katika kitabu cha kituo. Zinaanza pale alipotiwa mkononi, barabarani au nyumbani. Katiba haikuzitoa Jumamosi na Jumapili, wala haikuongeza muda kwa sababu gari la polisi halina mafuta.

Kabla ya mahakama kuna dhamana ya polisi, na hiyo hailipiwi hata shilingi. Familia nyingi zimeuza mbuzi au kuku kwa ajili yake, na kila shilingi iliyotolewa hivyo imechukuliwa kinyume cha sheria. Dhamana ya mahakama ni jambo jingine: mshtakiwa ana haki ya kuiomba, na hakimu au jaji ana hiari ya kuikubali kwa masharti anayoyaona yanafaa. Hiari hiyo ina kikomo. Kama kosa linaweza kusikilizwa na mahakama za chini pia, na mtu amekaa rumande siku 60 kesi haijaanza, lazima aachiwe kwa dhamana. Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, siku ni 180, ikiwa kesi haijapelekwa huko. Mwaka 1995 zilikuwa 120 na 360. Marekebisho ya 2005 yalizipunguza.

Kanuni hizi zilipimwa vikali Arua mwezi Agosti 2018. Mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, alikuwa ameuawa tarehe 8 Juni, na uchaguzi mdogo ulipangwa tarehe 15 Agosti. Siku mbili kabla ya kura, kampeni zikifungwa, vurugu zilizuka. Yasin Kawuma, dereva wa Mbunge Robert Kyagulanyi anayejulikana kama Bobi Wine, alipigwa risasi akafa. Watu zaidi ya 30 walikamatwa, akiwamo mgombea Kassiano Wadri, nao wakashtakiwa Gulu kwa uhaini. Wapiga kura wa Arua walimchagua Wadri akiwa kizuizini. Kyagulanyi alifikishwa kwanza mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shtaka la silaha. Tarehe 23 Agosti shtaka hilo liliondolewa, akashtakiwa kwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Tarehe 27 Agosti Mahakama Kuu ya Gulu ikampa dhamana. Uhaini ni kosa la Mahakama Kuu, lakini Kyagulanyi hakulazimika kungoja siku 180, kwa kuwa kikomo hicho hakimzuii mtu kuomba mapema.

Swali la raia kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi lilijibiwa na Mahakama ya Juu tarehe 31 Januari 2025, katika kesi ya Michael Kabaziguruka: mahakama hizo hazina mamlaka hayo. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria inayoyarudisha mamlaka hayo kwa makosa fulani. Hukumu ya mahakama na kura ya Bunge vinavutana, na anayeumia katikati ni raia.

Waliokamatwa Arua walilalamika pia kwamba waliteswa. Hapo Katiba haina nafasi ya kujadiliana. Ibara ya 24 inakataza mateso na kumtweza mtu, na Ibara ya 44 inasema marufuku hiyo haiondolewi kwa hali yoyote, si vita wala hatari kwa taifa. Haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, iliyo katika Ibara ya 28, iko katika ulinzi huohuo. Sheria ya kuzuia mateso ya 2012 imekataa utetezi wa askari anayesema aliamriwa na mkubwa wake, na maelezo yaliyopatikana kwa kipigo hayafai kuwa ushahidi dhidi ya aliyepigwa.

Kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, ni haki chini ya Ibara ya 29. Mwezi Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya 2013, kilichowapa polisi uwezo mpana wa kuizima mikutano. Desemba 2022 mahakama hiyohiyo ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyotumika kuwazoa vijana mitaani eti hawakuweza kueleza wanaishi vipi. Kijana wa boda boda anayengoja abiria usiku hana kosa kwa kukaa pale tu.

Maswali kuhusu wakimbizi nayo huulizwa mara kwa mara, maana Koboko ina makazi ya wakimbizi ya Lobule na mkoa umepokea watu wengi kutoka Sudan Kusini. Kura na uongozi wa kisiasa ni vya raia. Lakini Ibara za 23, 24 na 28 zinamtaja mtu yeyote, si Mganda peke yake. Mkongomani aliyekamatwa ana saa 48 zilezile, na mahakamani ana haki ya mkalimani bila malipo. Kosa likiwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, serikali humlipia wakili, awe raia au asiwe.

Ndani ya nyumba pia Katiba inaingia. Mwaka 2015, katika kesi ya shirika la MIFUMI, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Kilichofutwa ni kamba iliyomfunga mwanamke kwenye ndoa ya kipigo kwa kuwa baba yake hana tena ng'ombe wa kurudisha.

Haki ikivunjwa, njia ni mbili. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Arua. Inapokea malalamiko bila malipo, na inaweza kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia. Haichunguzi jambo lililo mbele ya mahakama tayari, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Njia ya pili ni mahakama yenyewe. Ibara ya 50 inamruhusu mtu au shirika lolote kufungua kesi kwa niaba ya mwingine, na Mahakama Kuu inaweza kuamuru aliyefichwa aletwe mbele yake. Sheria ya haki za binadamu ya 2019 inamfanya afisa aliyevunja haki awajibike yeye binafsi, si serikali peke yake. Kwa njia zote mbili, kinachoipa kesi nguvu ni kumbukumbu zilizoandikwa mapema: siku na saa ya kukamatwa, jina la kituo, namba ya askari, majina ya walioona na, kama kuna jeraha, karatasi ya daktari iliyojazwa kabla halijapona.