Bonsai: Mti Mkubwa Katika Chungu Kidogo

Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa chunguni tangu mwaka 1625. Mti huo ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji ule tarehe 6 Agosti 1945, nyumba ya ukoo huo ilikuwa yapata maili mbili tu kutoka hapo. Vioo vya madirisha vilivunjika, lakini ukuta wa bustani uliukinga mti. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Wamarekani, na walioupokea hawakuijua habari ya bomu mpaka mwaka 2001, wajukuu wa mzee huyo walipokwenda kuuzuru.

Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Mti uliosalimika na bomu ungeweza kufa kwa siku chache za kiangazi, lau wenyewe wangesahau kuutilia maji. Umri wake wote umo katika kazi ndogo ya kila siku, tena kazi hiyo imerithishwa baba kwa mwana.

Neno bonsai maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kisicho na kina. Asili ya kazi hii ni Uchina; Wajapani waliichukua wakaitia mtindo wao. Wengi hudhani iko mbegu maalumu ya miti midogo. Haiko. Mbegu ni ile ile itoayo mti mkubwa wa msituni. Udogo waja kwa kubanwa mizizi na kukatwa matawi. Basi mwenye kuuza "mbegu za bonsai" auza mbegu za kawaida, na kilicho maalumu ni bei yake.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuuweka mti sebuleni kama pambo la meza. Msonobari na mreteni ni miti ya nje: yataka jua, upepo, na baridi ya majira yake. Japani kwenyewe huingizwa ndani kwa muda mfupi tu, ili mgeni auone, kisha hurudishwa nje. Mreteni una hila nyingine: waweza kuwa umekwisha kufa, nao ukabaki kijani kwa wiki kadhaa, huku mwenyewe akiendelea kuumwagilia. Kwa nchi zetu za joto, afadhali kuanza na mti wa jamii ya mtini na mkuyu, ambao ni mvumilivu zaidi.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo yauayo miti mingi. Wajapani wa kazi hii husema kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka mitatu, nasi twaona hawakuzidisha. Usifuate saa, ufuate udongo. Chomeka kidole kiasi cha sentimita moja au mbili. Ukiona umeanza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke katika matundu ya chini, ngoja kidogo, kisha rudia. Siku za joto kali huenda ikakupasa kufanya hivyo mara mbili. Siku za mawingu huenda isihitajiwe hata mara moja. Kikombe kimoja kila asubuhi ni mazoea mabaya, kwani huu ni ulowevu wa juu tu, na mizizi ya chini yabaki na kiu. Wala chungu kisikae daima ndani ya kisahani chenye maji, maana mizizi yahitaji hewa, na ikiikosa huoza. Jambo la kusikitisha ni kwamba mti wenye kiu na mti uliozama maji, yote miwili hunyauka majani. Mgeni wa kazi hii aonapo hivyo huongeza maji, akaumaliza.

Kwa hiyo udongo nao uwe wa punje punje, upitishao maji upesi. Wajapani hutumia akadama, udongo wa chembe chembe utokanao na volkano. Asiye nao aweza kuponda matofali yaliyochomwa na kuchanganya na mchanga mkubwa wa mtoni, usiwe wa pwani kwa ajili ya chumvi, akachekecha mpaka vumbi lote litoke.

Kupogoa si kugumu: chipukizi likiisha kutoa majani sita au manane, likate yabaki mawili au matatu. Waya wa kupindia matawi uzungushwe mshazari, nao utazamwe mara kwa mara. Tawi hunenepa, na waya uliosahauliwa huingia ndani ya gome ukaacha kovu la miaka.

Mti mchanga hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Mkongwe huachwa zaidi. Punguza mizizi kiasi cha theluthi, si zaidi, urudishe mti chunguni, uufunge kwa waya usitikisike. Kisha uuweke kivulini wiki mbili tatu, wala usiutie mbolea mpaka uone machipukizi mapya.