Eabegi ikishafyatuka: mnunuzi wa gari la ajali Kigali aangalie nini

KIGALI – Gari lililogongwa linaweza kutoka gereji likiwa na rangi mpya, taa mpya na usukani usio na hata mkwaruzo, kumbe ndani ya usukani huo hamna mfuko wa hewa. Kwa mfanyabiashara anayenunua magari ya ajali ili ayatengeneze na kuyauza, au msafirishaji ambaye pikapu yake imegongwa njiani kutoka Rusumo, hapa ndipo hesabu ya faida huharibika. Dereva atakayekuja baadaye anaweza kulipa kwa maisha yake.

Eabegi, yaani mfuko wa hewa, hufanya kazi mara moja tu. Vihisio vya mgongano hupeleka taarifa kwenye kompyuta ndogo ya mfumo huo, kompyuta huwasha fataki ndani ya mtungi wa gesi, na mfuko hujaa kabla hujapepesa jicho. Baada ya hapo haushonwi wala haukunjwi upya. Hubadilishwa pamoja na mtungi wake, na mara nyingi pia vihisio vya mbele, mikanda iliyojikaza wakati wa ajali na kompyuta yenyewe, ambayo huhifadhi kumbukumbu ya mgongano. Kipi kibadilishwe hutegemea mwongozo wa mtengenezaji wa gari husika.

Anza na taa. Ukifungua swichi, taa ya eabegi kwenye dashibodi iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa usifurahi, huenda balbu imetolewa. Wajanja wengine huunganisha waya wake na taa ya oili ili zizime pamoja, na wengine huweka rezista mahali pa mfuko, kompyuta ikadhani mfuko upo. Kwa hiyo kupima kwa mashine peke yake hakutoshi. Fundi afungue usukani na kuona kwa macho. Tazama pia kama dashibodi upande wa abiria ina gundi au rangi tofauti, na vuta kila mkanda uone kama unarudi.

Kabla ya kufungua, betri itolewe waya na fundi asubiri muda ulioandikwa kwenye mwongozo. Kwa magari mengi ya Toyota ni angalau sekunde 90, mengine zaidi, kwa kuwa kompyuta hubaki na umeme wa akiba. Mfuko usipimwe kwa mita ya kawaida: umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua usoni mwa fundi.

Tatizo la pekee la Kigali ni spea. Rwanda, kama Burundi na Kongo, huendesha upande wa kulia wa barabara; Uganda, Kenya na Tanzania kushoto. Dashibodi na mfuko wa abiria kutoka Kampala au Dar es Salaam vimetengenezwa kwa gari lenye usukani kulia, hivyo havikai kwenye gari la Kigali hata kama modeli ni ileile. Wanaoagiza Dubai au Ulaya wanalipa nauli zaidi, lakini wanapata kinachoingia.

Bei ya chini sana nayo itiliwe shaka. Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitahadharisha kuhusu mitungi hafifu ya bei nafuu iliyofungwa kwenye magari yaliyowahi kugongwa, baada ya watu 3 kufa na 2 kujeruhiwa vibaya. Spea zilizotumika pia zina historia: mitungi ya Takata, kampuni ya Japan iliyofilisika mwaka 2017, iliitwa irudishwe kwa mamilioni kwa sababu kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, ikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Angalia namba ya chasi ya gari lilikotolewa spea kabla ya kulipa.

Wasafirishaji wakumbuke kuwa eabegi ambayo haijafyatuka ni mzigo wa hatari. Nyingi huandikwa UN 3268, daraja la 9. Kuichanganya na nguo kwenye kontena bila kuitaja kwenye hati ni kujitafutia matatizo bandarini na kwa bima. Na Kadi ya Njano ya COMESA hulipa madhara ya watu wengine. Eabegi za gari lako mwenyewe utazinunua kwa bima kubwa au kwa mfuko wako.