Cetuximab na ahadi ya tiba isiyotesa

Marekani ilipoidhinisha cetuximab mwaka 2006 itumike pamoja na mionzi, madaktari wa saratani ya kichwa na shingo walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Seli nyingi za saratani hizi hubeba kipokezi cha EGFR, kinachozichochea kukua, na dawa hii hukiziba. Jaribio la James Bonner lilionyesha kuwa walioipata pamoja na mionzi waliishi muda mrefu kuliko waliopigwa mionzi peke yake. Ila halikuipambanisha na cisplatin, dawa kongwe ambayo tayari ilikuwa ikichanganywa na mionzi.

Mwaka 2010 yakaja matokeo mengine. Kian Ang na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya koromeo itokanayo na virusi vya HPV, miaka 3 baada ya tiba, asilimia 82 walikuwa hai. Wasio na virusi hivyo, asilimia 57. Wengi wa wagonjwa wenye HPV ni watu wa makamo, na miaka mingi ya kuishi iko mbele yao. Kwa nini waharibiwe figo na kuachiwa masikio yanayovuma kwa sababu ya cisplatin? Swali hilo lilitokana na huruma, na lilistahili kuulizwa.

Jibu lilitoka mwishoni mwa 2018, katika majaribio mawili yaliyopambanisha cetuximab na cisplatin kwa wagonjwa wa HPV, nalo lilikuwa chungu. Marekani na Kanada, baada ya miaka 5, asilimia 84.6 ya waliopewa cisplatin walikuwa hai, dhidi ya 77.9 ya waliopewa cetuximab. Uingereza, Ireland na Uholanzi, ndani ya miaka 2 saratani iliwarudia asilimia 16 ya kundi la cetuximab, na 6 tu ya kundi la cisplatin. Hata nafuu iliyotafutwa haikupatikana: idadi ya madhara makali ililingana. Aliyeokoka kichefuchefu alitokwa na vipele usoni na kifuani.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuitwisha alama ya kibaiolojia mzigo usio wake. Protini ya p16, ishara ya HPV inayopimwa kwenye kinyama cha uvimbe, hueleza nani ana nafasi nzuri ya kupona. Haisemi dawa ipi iondolewe. Tena uvimbe wa HPV mara nyingi huwa na EGFR kidogo, kwa hiyo cetuximab ilipelekwa mahali ambapo shabaha yake ni haba. Na wenye nafasi nzuri zaidi ya kupona ndio waliokuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Leo cetuximab pamoja na mionzi imebaki hasa kwa wale ambao figo au masikio yao hayaihimili cisplatin. Durvalumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ilijaribiwa kuchukua nafasi hiyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yakaonyesha kuwa ilishindwa.