Chai ya Bwera Haiagizwi kwa Amri

Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu siku za King's African Rifles, wakati wa ukoloni. Kwa hiyo askari au polisi anayehamishiwa Kasese au Bwera hafiki huko akiwa bubu. Ajua kuhesabu, kuitika na kutoa amri. Lakini Kiswahili cha gwaride kina upungufu mmoja: kuamuru chajua sana, na kuomba chajua kidogo. Upungufu huo hudhihirika mara mtu anapoketi mkahawani na kutaka kikombe cha chai.

"Lete chai!" Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, maneno hayo yakitamkwa na mtu mwenye sare na bunduki, mwenye mkahawa hamwoni tena mteja mbele yake. Wilaya hii imeona mengi. Mnamo Novemba 1996 waasi wa ADF waliingia kwa njia ya Mpondwe na Bwera. Mnamo Novemba 2016 zaidi ya watu 100 walikufa mjini Kasese katika mapigano ya siku mbili yaliyoishia katika jumba la mfalme wa Rwenzururu. Na Juni 2023 zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Mahali penye kumbukumbu za namna hiyo, watu husikiliza sauti kabla ya kusikiliza maneno.

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni fupi, na lamfaa askari pamoja na jamaa yake.

Kwanza, salamu. Usitaje chai kabla ya kumjulia hali mwenyeji. Mwanamke wa makamo mwite mama, msichana mwite dada, mwanamume mwenye mvi mwite mzee. Ukiweza kusema "wabukire", yaani salamu ya asubuhi ya Wakonzo, utaona uso ukikunjuka. Na ukimaliza kunywa, "wasingya" ndiyo asante yao.

Pili, ombi. Badala ya "lete" sema "naomba", au "niletee, tafadhali". Silabi mbili tatu zilizoongezwa hazimpunguzii mtu cheo.

Tatu, idadi. Wengi husema "kikombe mbili". Lililo sahihi ni kikombe kimoja, vikombe viwili, vikombe vitatu. Chupa moja, chupa mbili. Isiyotiwa maziwa huitwa chai ya rangi.

Haya ndiyo mazungumzo ya kujizoeza:

— Habari za asubuhi, mama?
— Nzuri, afande. Karibu.
— Asante. Naomba vikombe viwili vya chai: kimoja cha maziwa, kimoja cha rangi.
— Nitie sukari?
— Kidogo katika hicho cha maziwa. Hicho cha rangi usikitie; mwenzangu atajitilia.
— Haya, subirini kidogo.
— Asante, mama. Ni shilingi ngapi kwa jumla?

Swali hilo la mwisho lisisahaulike. Heshima ya maneno isiyofuatwa na malipo ni mzaha tu.

Aketiye Bwera atasikia pia Kiswahili cha ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa maana wachuuzi kutoka Kongo huvuka kila siku ya soko. Wao maji huyaita "mayi", na asante yao ni "aksanti". Asicheke mtu. Hicho nacho ni Kiswahili, na huko Beni na Butembo wengi wamekizoea tangu utotoni.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wakorea, ambao ni wanywaji wakubwa wa kahawa, huagiza hivi: "Keopi han jan juseyo." Keopi ni kahawa, han ni moja, jan ni kikombe, na juseyo ni "nipe", lakini "nipe" iliyovikwa heshima. Anayejifunza Kikorea hufundishwa neno hilo katika masomo ya mwanzo kabisa, hata kabla hajaweza kueleza atokako. Atakaye maji husema "mul juseyo". Atakaye chai, "cha juseyo". Akilikata neno hilo na kubakiza "jwo", bado ataeleweka, lakini asiyemfahamu atamwona mtovu wa adabu. Basi Mkorea na Mswahili wamekubaliana bila kukutana: kinywaji huombwa.

Mnamo Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Watoto wetu watakisoma vitabuni, lakini watakisikia kwanza nyumbani. Baba arudiye kutoka lindo akasema "Mama Fulani, naomba maji ya kunywa", amekwisha kufundisha somo zima. Akisema "Maji!", amefundisha somo jingine, na mwanawe atalipeleka mkahawani siku moja.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenye mkahawa wa Bwera hana silaha, na chai yake lazima aiuze. Atamhudumia anayemwamuru na anayemwomba. Tofauti ni kwamba huyu wa pili, akirudi kesho, ataulizwa habari za watoto. Na siku ambayo mama yule ataona mgeni asiyemwelewa akipita kijijini, atajua wa kumweleza.