Mapacha wa Shenzhen

Novemba 2018, mkutano wa kimataifa kuhusu uhariri wa jeni ukikaribia kufunguliwa Hong Kong, ilifahamika kwamba mtafiti He Jiankui wa Shenzhen alikuwa amehariri viinitete, na mapacha wawili wa kike wamekwisha kuzaliwa. Walipewa majina ya kuwaficha: Lulu na Nana.

Alilenga jeni iitwayo CCR5. Virusi vingi vya UKIMWI huingia kwenye seli kwa kushika protini itokanayo na jeni hiyo, na wapo watu, hasa wenye asili ya Ulaya, waliozaliwa nakala zake zote mbili zikiwa na pengo la herufi 32. Hao si rahisi kuambukizwa. He hakulipata pengo hilo. Mkasi wa jeni uitwao CRISPR ulikata, seli ikajiunga yenyewe ilivyojua, na Lulu akabaki na nakala moja nzima, yaani kinga yenyewe hana.

Na haja ilikuwa ipi? Wenye VVU walikuwa akina baba, si akina mama. Kusafisha manii kabla ya kurutubisha yai huzuia maambukizi, na He mwenyewe aliyasafisha! Wazazi walikubali kwa sababu kanuni za China ziliwanyima wenye VVU huduma ya kupandikiza mimba. Fomu waliyotia saini iliuita mradi huo utafiti wa chanjo ya UKIMWI. Ridhaa ya namna hiyo mimi siihesabu. Desemba 2019 mahakama ilimfunga He miaka 3.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu itumiayo CRISPR hiyo hiyo. Lakini hapo huhaririwa seli za damu za mgonjwa aliyekubali mwenyewe, na badiliko haliendi kwa wanawe. Badiliko la kiinitete hurithiwa.

Kwa nini basi tusiimalize selimundu kwenye kiinitete, hasa Tanzania, ambako maelfu ya watoto huzaliwa nayo kila mwaka? Wazazi wenye AS wote wawili, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya jeni ya selimundu, hawahitaji uhariri: kwa wastani viinitete 3 kati ya 4 havina ugonjwa, hupimwa na kuchaguliwa. Wakiwa SS wote wawili, yaani wanaugua wenyewe, hakuna cha kuchagua. Hao siwezi kuwakatalia moja kwa moja. Ningedai kwanza ushahidi kwamba mkasi haukati pasipokusudiwa, na hospitali itakayokubali kumfuatilia mtoto huyo hadi uzeeni, na wanawe pia.