Kompyuta ya Mezani: Diski Kwanza

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Leo mwenye duka la steshenari katika kata ya Guta anayetaka kuchapa barua na kutoa kopi ana nyingi za kuchagua, mpya na mitumba.

Wanunuzi wengi huulizia prosesa tu: i3, i5 au i7? Haitoshi. Core i3 ya mwaka 2020 huishinda Core i7 ya mwaka 2011.

Kinachochelewesha zaidi ni diski. Ya kizamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake husogea huku na huko kutafuta kila faili. Diski ya kisasa, yaani SSD, haina kinachozunguka, hivyo mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huwa tayari ndani ya sekunde chache. Hata kompyuta kuukuu hufufuka ikibadilishiwa diski.

RAM ya GB 8 inatosha kazi za ofisi. Michezo na video ni habari nyingine.

Windows 10 iliacha kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa, na umwambie aiwashe kompyuta mbele yako kabla hujalipa.